Kitambaa cha Bibi: Niliyojifunza katika Februari tatu za Ayalandi

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunalitegemea jua bila kulifikiria. Likichomoza ni saa kumi na mbili, likizama ni saa kumi na mbili, na tofauti ya mwezi huu na ule ni dakika chache tu. Nilianza kulifikiria Desemba 2021, nikiwa na mwezi mmoja nchini Ayalandi. Nilitoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, nje giza. Nikaenda kulala. Nilipoamka saa kumi na moja jioni, giza. Siku hizo jua huchomoza kwenye saa mbili na dakika arobaini na kuzama saa kumi na dakika chache, kwa hiyo lilikuwa limekuja na kuondoka nikiwa kitandani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikilia, na sikuwa na msiba wowote.

Naandika haya kwa ajili ya dada na kaka zangu wanaokuja huku kuhudumia wazee. Mawakala watawaeleza habari za viza, mshahara na baridi. Mimi niliandaliwa kwa baridi hadi nikanunua makoti mawili ya mitumba soko la Memorial pale Moshi. Giza hakuna aliyelitaja. Wala hakuna aliyeniambia kwamba mwanzoni mwa Februari watu wa huku wana siku tatu za kulikabili giza hilo, na kwamba mtu anaweza kuziharibu kwa kiburi cha dini, kama nilivyoziharibu mimi.

Nianze na mwili, maana hapo ndipo nilipochelewa zaidi. Kufikia Januari 2022 nilikuwa silali vizuri, chakula hakipandi, na nywele zinakatika. Nilifunga na kusali, nikidhani nimeingiliwa na kitu. Mwenzangu wa kutoka Mombasa ndiye aliyenisukuma niende kwa daktari. Nililipa yuro 60 za kumwona, na vipimo vya damu vikaonyesha kwamba vitamini D yangu iko chini sana. Daktari alinieleza kwamba Ayalandi iko mbali mno kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua liko chini angani kiasi kwamba ngozi haiwezi kuitengeneza vitamini hiyo ya kutosha, na ngozi nyeusi kama yetu huhitaji jua zaidi. Usisubiri Januari kama mimi. Mwone daktari mwezi wa tisa au wa kumi, pima, na kama atakuandikia, anza mapema. Ukitoka zamu ya usiku, tembea nje angalau nusu saa kukiwa na mwanga kabla ya kulala, hata kama kuna mawingu. Sala yangu haikuwa na kosa. Kosa langu lilikuwa kuisalia damu ambayo ilikuwa inahitaji kupimwa.

Sasa kitambaa.

Katika nyumba ya wazee niliyokuwa nafanya kazi kulikuwa na mama wa miaka 91. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza, hata wasichana wa miaka 20. Mimi ulimi ulikataa, nikamwita Bibi, na nilipomweleza maana yake alipenda. Jioni ya tarehe 31 Januari 2022 alinipa kitambaa cheupe cha pamba, kikubwa kidogo kuliko leso, akaniomba nikitundike nje ya dirisha lake kilale huko usiku. Asubuhi nikiingize kabla jua halijachomoza. Alisema, "Usiku huu Brigid anapita."

Nilisisimka. Kwetu nimekua nikiambiwa kwamba kitambaa kinachoachwa nje usiku kwa ajili ya mtu apitaye ni kazi ya waganga. Nikamwitikia, "Sawa, Bibi," nikasubiri asinzie, nikakikunja na kukirudisha kwenye droo. Nikafanya ishara ya msalaba nikijiona nimeshinda jaribu.

Asubuhi alikuwa ameamka kabla yangu. Akauliza kama kimelowa. Nikasema ndiyo. Akanyoosha mkono, nikampa. Akakiweka kwenye paji la uso, akakaa nacho kimya, kisha akasema, "Kikavu." Hakusema lingine. Alinitazama tu, na kwa siku zilizofuata kila nilipoingia chumbani aligeukia ukutani.

Mtu anaweza kukataa jambo ambalo imani yake hairuhusu, tena kwa heshima. Mimi sikukataa. Nilimdanganya mzee wa miaka 91 usoni pake, na kesho yake nikaenda kanisani kubarikiwa mshumaa.

Maana tarehe 2 Februari ni Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya 40 baada ya Noeli, ambapo tunamkumbuka mzee Simeoni akimpokea mtoto Yesu mikononi na kumwita nuru ya mataifa. Nimeisherehekea kwetu Kibosho, Uchaggani chini ya Kilimanjaro, tangu utotoni. Lakini hebu kumbukeni sikukuu ile ilivyo kwetu. Ni kiangazi, vumbi, jua kali linaingia kwa madirisha yote, na sisi watoto tumeshika mishumaa ambayo mwali wake hata hauonekani, tukihangaika na nta inayodondokea vidole. Niliipenda, lakini mshumaa ulikuwa pambo tu.

Huku, Misa ilikuwa ya jioni. Niliingia nikiwa nimechelewa dakika kumi, mikono mitupu, nikidhani mishumaa itagawiwa. Basi, jueni: baraka na maandamano huja mwanzo kabisa wa Misa, watu wakikusanyika mlangoni au nje, na katika parokia nyingi kila mtu huja na mishumaa yake ya nyumbani ya mwaka mzima. Fika mapema, na beba yako. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alikatiza uchungu wangu kwa kunipa mmoja wa kwake. Taa za kanisa zilikuwa zimepunguzwa. Nje ilikuwa ni usiku kabisa, mvua inapiga vioo, na ndani watu wasiozidi mia moja wameshika vimwali. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini Kanisa liliona mshumaa unafaa siku hii. Nililia tena, ila kilio hiki kilikuwa chepesi.

Kisha nikaona kikapu cha yule mama. Pamoja na mishumaa yake kulikuwa na msalaba uliosukwa kwa nyasi za kinamasini, laini na za kijani, kama milulu tunayosukia mikeka. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni msalaba wa Mtakatifu Brigida, ameusuka jana, ataupachika juu ya mlango ukinge nyumba na moto na maradhi. Nikamuuliza kama anafahamu kitambaa. Akacheka kwa furaha, akafungua kola ya koti lake, na kitambaa kilikuwa shingoni, bado kina unyevu. Yule mama alikuwa msomaji wa Misa siku ile.

Usiku huohuo nikafanya kosa jingine, ambalo naweza kulitaja kwa gharama kamili. Nilirudi chumba changu cha kupanga, nikawasha mshumaa uliobarikiwa, nikauweka dirishani, nikapitiwa na usingizi. Pazia lilishika moto. Niliuzima kwa blanketi lililoloweshwa bafuni, kengele ya moshi ikalia, wapangaji wenzangu wote wakasimama nje kwenye mvua. Nililipa yuro 180 za pazia na rangi ya ukuta, na mwenye nyumba alinionya kwa maandishi. Usiwashe mshumaa karibu na pazia, wala ukiwa umetoka zamu. Na kwenye nyumba za wazee usithubutu kabisa, kuna oksijeni vyumbani. Ipo mishumaa ya betri, na wazee hawaidharau.

Tarehe 3 nilirudi kanisani, safari hii kwa wakati. Ni kumbukumbu ya Mtakatifu Blasi, na padre huchukua mishumaa miwili iliyobarikiwa jana yake, anaipishanisha mfano wa msalaba, anaiweka kooni kwa kila anayekuja na kumwombea dhidi ya maradhi ya koo. Nilipogusishwa ile mishumaa nilimkumbuka Bibi na paji lake la uso, na nikashindwa kueleza moyoni mwangu tofauti ya nta yangu na pamba yake.

Binti yake alikuja kumtembelea wiki ile. Nilimngoja koridoni nikamweleza kila kitu, pamoja na uongo wangu. Nilitegemea anishtaki kwa meneja. Alinisikiliza, akanitengenezea chai, akanifundisha. Mkesha wa tarehe 1 Februari familia nyingi za vijijini ziliacha kitambaa nje, Brat Bríde kwa Kiayalandi, Brigida akibariki akipita. Umande wa usiku ule ndio baraka. Kitambaa kinahifadhiwa mwaka mzima: kwa kichwa kinachouma, kwa mwanamke anayejifungua, hata kwa ng'ombe anayezaa kwa shida. Bibi alikuwa na maumivu ya kichwa ya muda mrefu. Mimi niliyekuwa nampa vidonge vya kichwa kila siku sikuwahi kumuuliza kitambaa ni cha nini.

Kuanzia hapo nilisoma kila nilichopata. Ndiyo, tarehe hii ni ya kale kuliko Ukristo wa kisiwa hiki. Kalenda ya zamani ya Waayalandi iligawanya mwaka kwa sikukuu nne, na tarehe 1 Februari iliitwa Imbolc, mwanzo wa majira ya kuchipua, kondoo wakiwa na mimba na maziwa yakianza kushuka. Ndiyo, kamusi ya Kiayalandi iliyokusanywa karibu mwaka 900 inamtaja Brigid, mungu wa kike wa washairi, mwenye dada wawili wa jina hilohilo, mmoja wa uganga na mwingine wa uhunzi. Na ndiyo, kuna Mtakatifu Brigida wa Kildare, mama wa watawa, aliyefariki karibu mwaka 525, mmoja wa wasimamizi watatu wa Ayalandi pamoja na Patrisi na Kolumba. Wapo wanaosema mtakatifu ni yule mungu aliyevalishwa shela. Wapo wanaosema hawahusiani. Mimi nadhani watu wa mashambani hawakukaa kuligawa jambo hilo. Walikuwa na giza, njaa ya mwisho wa kipupwe, na ng'ombe wa kuzalisha.

Ila kuna jambo moja linalosemwa sana ambalo nililikuta halisimami: kwamba sikukuu ya mishumaa iliibwa kutoka Lupercalia, sherehe ya Warumi ya tarehe 15 Februari. Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu katika karne ya 4, anaeleza jinsi Wakristo wa kule walivyoadhimisha siku ya 40 baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, kwa maandamano, yaani tarehe 14 Februari kwa hesabu yao. Noeli iliposhika tarehe 25 Desemba, siku ya 40 ikaangukia tarehe 2. Tarehe inatokana na hesabu ya Torati na Injili ya Luka. Nalitaja kwa sababu nimewaona ndugu wakiacha kwenda Misa hiyo kwa hofu ya kitu kisichokuwepo.

Na nilipokuwa nasoma, kilichonisumbua si Brigid. Ni isale. Mchagga yeyote anajua: ukimkosea mtu kosa zito, unachuma jani la isale, unalipiga fundo, unampelekea. Akilipokea, amesamehe. Jani hili lilikuwepo kabla ya mmisionari wa kwanza, limepandwa mipakani na makaburini, na marehemu bibi yangu, mwana-WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania, asiyekosa Misa hata siku za mvua ya masika, alilitumia mara mbili ninazozikumbuka. Hakuna aliyemwita mpagani. Nimelelewa ndani ya kitu kilekile nilichomhukumia mzee wa watu.

Isale ni mti wa jamii ya drasena, na drasena huku huuzwa madukani kama ua la sebuleni. Nilinunua moja kwa yuro 24. Nikakata jani, nikalipiga fundo, nikaenda chumbani kwa Bibi siku ya mapumziko yangu, bila sare ya kazi. Nilipiga goti. Nikamwambia kwetu tunafanya hivi, na kwamba nilimdanganya. Akaligeuza jani mkononi kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Padre wa kwenu anasemaje kuhusu jani hili?" Hakuuliza kwa kunikomoa, alitaka kujua kweli. Nikamjibu kwamba padre wa kwetu ni Mchagga, na amewahi kupelekewa. Akalichomeka nyuma ya msalaba wake wa nyasi juu ya mlango. Lilinyauka hapo, na hakuruhusu litolewe.

Mwaka uliofuata, 2023, siku ya Brigida ikawa sikukuu ya taifa kwa mara ya kwanza, ya kwanza nchini humo yenye jina la mwanamke. Huadhimishwa Jumatatu ya kwanza ya Februari, isipokuwa tarehe 1 ikiangukia Ijumaa, hapo inakuwa Ijumaa hiyo. Ukipangiwa zamu siku hiyo una haki ya siku nyingine ya mapumziko yenye malipo au malipo ya ziada. Mwaka ule kwetu ilisahaulika kwenye hati za mishahara, na tuliodai tulilipwa.

Mkesha wa tarehe 1 nilitundika kitambaa nikaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukichukua kikiwa kinadondosha maji. Bibi alikiweka kwenye paji la uso akafumba macho. Jumamosi yake nikapanda treni kutoka Dublin Heuston hadi Kildare, safari isiyofika saa moja.

Jina Kildare maana yake ni kanisa la mwaloni. Katika karne ya 12 Gerald wa Wales aliandika kuhusu moto wa Kildare usiozimika. Watawa 19 waliulinda kwa zamu, kila mmoja usiku wake, na usiku wa 20 yule wa mwisho wao aliweka kuni akasema, "Brigida, linda moto wako, usiku huu ni wako." Asubuhi walikuta kuni zimeliwa na moto unawaka. Sisi wa zamu za usiku, habari hiyo inatuhusu. Nilisimama penye msingi wa mawe wanaouonyesha kama mahali pa moto huo, kando ya kanisa kuu, nikawaza wale 19 na usingizi wao. Moto ulizimwa nyakati za Matengenezo ya Kanisa. Watawa wa Brigida waliuwasha upya mwaka 1993 katika uwanja wa soko wa mji, na wanautunza hadi leo katika nyumba yao ya Solas Bhríde, yaani mwanga wa Brigida. Unaruhusiwa kuingia. Utawakuta watawa, wanandoa wa Kikatoliki, na pia wanawake wanaojiita wapagani waziwazi na kumwomba Brigid kama mungu. Mimi siwezi kusali sala yao na sikuisali. Wakati wao nilinyamaza, na mmoja wao aliponiona natetemeka alinivulia skafu yake.

Kwenye kisima cha Mtakatifu Brigida, nje kidogo ya mji, nilikwenda na viatu vya kitambaa, matope yakanifika vifundoni na nikaumwa wiki nzima. Vaa viatu vya mpira. Ukitaka kuwasha mshumaa pale, beba wenye chupa, upepo hauachi kitu. Utaona tepe zimefungwa kwenye miti, kila moja ni ombi la mtu. Usizifungue, na ukifunga yako iwe ya pamba, plastiki haiozi.

Kwa walio Uskoti, wengi huniuliza kuhusu Lerwick kule Shetland, ambako Jumanne ya mwisho ya Januari wanaume na wanawake karibu elfu moja hubeba mienge na kuchoma jahazi la mfano wa Waviking. Sijafika. Najua tu kwamba wanaoikimbia sherehe hiyo kwa kudhani ni ibada ya kale wamepotoshwa: maandamano hayo ya mienge yalipangwa na watu wa mji wenyewe katika miaka ya 1880.

Bibi alifariki Oktoba 2023. Zamu haikuwa yangu. Baada ya mazishi binti yake alichukua mkasi, akakata kitambaa katikati, akanipa nusu. Mkesha wa Februari 2024 nilikitundika dirishani kwangu, pazia jipya nimelifunga pembeni, mshumaa wa betri kwenye kiti.

Septemba mwaka huo nilirudi Kibosho kwa likizo. Mdogo wangu alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue, nikakitoa kitambaa kwenye sanduku nikamwekea mama mezani na kumweleza kazi yake. Mama alikishika, akakinusa.

"Kimebarikiwa na padre?"

"Hapana, mama. Kimelala nje tu, kikapata umande."

Akafikiri kidogo. Kisha akafungua droo anamoweka Biblia na mshumaa wake wa Februari, akakiweka humo, juu ya mshumaa, akasema nimwambie mdogo wangu kipo.